Mkalimani wa Kiwolof, Harlem: nampa nyota tano

Shemeji yangu Msenegali, anayeongea Kiwolof, aliitwa kwenye usaili wa kuomba hifadhi ya ukimbizi hapa New York. Usaili huo mkalimani unamleta mwenyewe, awe na miaka 18 au zaidi, na asiwe wakili wako wala shahidi wako. Wakala wa kwanza alitupa mtu wa Kifaransa, eti Wasenegali wote wanakijua. Inaudhi sana! Mama huyu wa Gambia, ambako Kiwolof kinaongewa pia, tuliyempata mtaa wa 116, kwanza aliongea na shemeji kwa simu kuhakikisha wanaelewana. Ndani, kila tarehe aliiandika kabla ya kuitamka. Shemeji alipolia, mama alinyamaza, hakumalizia sentensi kwa niaba yake. Baadaye akazichana karatasi alizoandikia mbele yetu. Bei iko juu, hata muda wa kusubiri anautoza. Mlipeni tu.