Pikipiki: rejeta ya oili (kipozeo cha oili ya injini), au kubadilisha oili mapema?

Ukipanda Marangu kutoka Moshi na abiria, gia ya pili, upepo ni haba na oili inakuwa nyepesi kwa joto. Hapo rejeta ina kazi. Ifunge mbele, washa za shaba (pete za kuzuia kuvuja) ziwe mpya, hosi zisiguse ekzosi. Ikivuja, oili inafika tairi la nyuma, na huo ni mwereka. Endesha injini dakika 2, zima, subiri, pima oili, ongeza: rejeta na hosi zimemeza sehemu ya oili.

Kwa safari fupi za mjini Arusha, hasa asubuhi za baridi za Julai, usifunge rejeta. Oili isiyopata joto la kutosha haikaushi unyevu. Kwenye kifuniko cha oili utaona utando kama maziwa. Osha tope kwenye mapezi ya silinda (yanayoipoza kwa upepo), badilisha oili mapema.