Uzoefu wangu: nilimpeleka mwanangu kupimwa uwezo wa kujifunza

Kliniki tuliyokwenda nawapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa sababu ya bei, na kwa sababu ripoti ilikuja kwa Kiingereza kitupu, baba yake ikabidi asomewe. Kwa kazi yenyewe wanastahili zote.

Mwanangu ana miaka minane, yuko Gredi ya 3 hapa Mombasa. Shuleni walilalamika kwamba hatulii na maagizo anayafuata nusunusu. Tukashauriwa apimwe, tukaenda kliniki ya binafsi ya mwanasaikolojia wa watoto. Kipimo kilikuwa WISC-V, kipimo cha akili (IQ) cha watoto wa miaka 6 hadi 16, ambacho wastani wake ni 100. Mapema kabisa mpimaji alitueleza kwamba kimetengenezwa Marekani, kwa hiyo alama zake zisomwe kwa uangalifu kwa mtoto wa huku.

Hakuanza na maswali. Waliongea Kiswahili kuhusu mpira na paka wa jirani mpaka mtoto akachangamka. Mimi niliwekwa kiti nyuma yake, nikaombwa nisitie neno, maana mtoto akiona mama kakunja uso huacha kufikiri akaanza kumsoma mama.

Ikaja kazi ya kupanga vipande vyekundu na vyeupe kufuata picha. Umbo moja lilimshinda, muda ukaisha, na bado hakutaka kuviachia vile vipande. Huyo ndiye mtoto anayeambiwa hatulii! Mpimaji akaandika. Halafu tarakimu za kusomewa na kuzirudia. Hapo akabadilika kabisa: anachezea kola, anabahatisha, "sijui" inatoka kabla hajafikiri. Akaandika tena.

Kisha nikaona mpimaji ameanza kuangalia kitu kingine. Kila akiongea, mtoto anageuza kichwa kuleta sikio la kulia, macho yote mdomoni mwake. Alipoinama kwenye karatasi huku akitoa maelekezo, mtoto alikaa tu, hakugusa kitu. Alipoinua uso na kuyarudia maneno yaleyale, kazi ikafanyika bila shida.

Akasimamisha kipimo palepale. "Mama, siwezi kumpa alama za maneno mtoto ambaye sina hakika kama ananisikia. Mpelekeni masikio kwanza." Daktari wa masikio alikuta maji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, la kushoto likiwa limezidi.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu najua wapo watoto wanaopimwa harakaharaka, wakatoka na namba ndogo, na namba hiyo ikawafuata darasa hadi darasa. Kompyuta ingejumlisha majibu ya mwanangu ikatoa jumla, basi. Aliyemwokoa ni mtu aliyekuwa akimtazama.

Katika ripoti ya awali, maelezo ya tabia wakati wa kipimo yalichukua karibu ukurasa mzima. Hakuna neno "mvivu" wala "mtundu" humo. Kuna alichofanya, na katika kazi ipi: anavyopokea maelekezo, anavyofanya akikwama, kama hujisahihisha mwenyewe, anavyoshika penseli, na kama alama za siku hiyo zinaaminika. Mwalimu wake alisoma ukurasa huo tu, kesho yake akamhamishia mstari wa mbele, sikio la kulia likiwa upande wake.

Mzazi unayekwenda, omba miadi ya asubuhi, mtoto awe amekula na kulala vizuri. Uliza kabla ya kulipa kama ripoti itakuwa na sehemu hiyo ya tabia. Wakikupa alama peke yake, dai maelezo. Asiyemudu kliniki ya binafsi aulizie kituo cha EARC cha kaunti yake, huduma ya serikali ya kupima watoto wenye shida za kujifunza, iliyoanza 1984.

Sisi tutarudi kumalizia kipimo masikio yakishatibiwa, na wamesema hatutatozwa upya.