Huduma ya Dharura kwa Mtoto Aliyeng'atwa na Mbwa: Tathmini ya Hospitali Moja ya Kanda ya Ziwa

Hospitali ninayoizungumzia sitaitaja kwa jina, kwa kuwa sehemu ya nitakayoyaeleza ni malalamiko, lakini idara yake ya dharura ndiyo iliyompokea binti yangu mwenye umri wa miaka minne, jioni ile mbwa wetu wa nyumbani alipomng'ata shavuni na mkononi. Alikuwa ameinama kuokota mpira karibu na bakuli ambalo mbwa alikuwa akilia chakula. Niseme mapema kwamba waliomhudumia mtoto wanaijua kazi yao barabara, na kwamba kilichoiangusha huduma ile ni upungufu wa dawa ambayo hospitali ya ngazi hiyo ingepaswa kuwa nayo usiku na mchana.

Mlangoni hatukudaiwa malipo kwanza. Muuguzi wa zamu alitazama jeraha, akauliza ni mnyama gani na ni muda gani umepita, kisha akatuingiza ndani kabla faili halijafunguliwa, huku baba wa mtoto akibaki dirishani kushughulikia kadi ya bima. Kilichofuata ndicho kinachonifanya niipe idara hii alama za juu. Ingawa nyumbani tulikuwa tumekwisha kuosha vidonda, muuguzi aliviosha upya kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, akiitazama saa ya ukutani mpaka dakika 15 zilipotimia, bila kukatisha kwa sababu ya kilio cha mtoto wala foleni iliyokuwa ikirefuka nje. Alinieleza kwamba virusi vya kichaa cha mbwa vimezungukwa na utando wa mafuta ambao sabuni huuharibu, na kwamba hatua hiyo ya bei ndogo kuliko zote huokoa maisha hata kabla ya sindano yoyote. Nilipomwambia kuwa jirani alikuwa amehimiza tupake pilipili ya kusaga, alisema kwa upole kwamba pilipili na majivu huunguza nyama na kuchafua kidonda, wala haviui virusi. Baada ya hapo alipaka dawa ya iodini.

Daktari naye alinipa muda, jambo ambalo wazazi wengi hulikosa. "Mama, najua unataka shavu lishonwe sasa hivi, lakini tukikimbilia kushona tunaweza kuvisukuma virusi ndani zaidi," aliniambia. Akafafanua kwamba jeraha la mbwa linalopasua ngozi na kutoa damu huwekwa katika daraja la tatu, yaani daraja la juu kabisa la hatari, na kwamba majeraha ya kichwani na usoni yanatisha zaidi kwa kuwa yako karibu na ubongo. Watoto wadogo ndio hung'atwa huko mara nyingi, kwa sababu kimo chao huziweka nyuso zao sawa na mdomo wa mbwa. Mgonjwa wa daraja hilo huhitaji chanjo pamoja na imunoglobulini, yaani kinga iliyo tayari, ambayo hudungwa ndani na kandokando ya kidonda ili imlinde wakati mwili bado unajitengenezea kinga yake. Kipimo chake hufuata uzito: uniti 20 kwa kila kilo kwa ile itokanayo na damu ya binadamu, na uniti 40 kwa ile ya farasi.

Chanjo ilikuwepo, na mtoto alidungwa begani palepale. Imunoglobulini haikuwepo. Tuliandikiwa karatasi na kuambiwa tukatafute katika maduka ya dawa ya mjini, usiku, bila mtu yeyote kuweza kutuambia ni duka lipi linaiuza. Daktari alituondolea hofu kiasi kwa kueleza kwamba inaweza kutolewa hadi siku ya saba tangu chanjo ya kwanza, na hatimaye tuliipata kwa bei ambayo familia nyingi zinazotegemea hospitali hii zisingeimudu. Ugonjwa huu, dalili zake zikishaanza, humuua karibu kila mgonjwa. Unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na takribani wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kuishiwa kwa dawa hiyo ni jambo dogo la stoo. Angalau orodha ya maduka yanayoiuza ingebandikwa ukutani.

Mengine yalikwenda vizuri. Kadi ya kliniki ilikaguliwa kwa ajili ya chanjo ya pepopunda, tukapewa dawa ya kuzuia bakteria watokao mdomoni mwa mbwa, kidonda cha mkono kikaachwa wazi, na shavu likashonwa kwa nyuzi chache baada ya imunoglobulini kupatikana. Tulipoonyesha cheti cha chanjo ya mbwa, daktari hakukifanya kuwa sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Alitutaka tumfunge mbwa, tusimuue, na tumwarifu afisa mifugo wa kata ili achunguzwe kwa siku 10, kwa kuwa mbwa anayeambukiza kwa mate huugua au kufa ndani ya muda huo.

Sindano za marudio, ambazo kwa ratiba tuliyopewa huangukia siku ya 3, ya 7 na ya 14, hutolewa katika chumba cha chanjo kilichoko nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje. Atakayepewa ratiba hiyo afike asubuhi akiwa na kadi na kuingia moja kwa moja, kwani mapokezi huwapanga watu hawa katika foleni ya kumwona daktari pasipo haja, na chumba hicho hufungwa mapema alasiri.