Mazoezi ya nje ya msimu kwa vijana wa futiboli ya Kimarekani, Houston: sehemu mbili nilizolipia, moja nyota 1, nyingine nyota 5

Naandika hii kwa wazazi wenzangu wa Houston, Dallas na popote Marekani mlipo ambao watoto wenu wanacheza futiboli ya Kimarekani vyuoni, ile ya kofia ngumu na kinga za mabega, maana najua msimu ukiisha tu mnaanza kuombwa hela ya mazoezi ya ziada na hamjui pa kuanzia. Nimelipia sehemu mbili ndani ya mwaka mmoja. Majina sitaji, kwasababu nataka mjue cha kuangalia hata mkienda sehemu ya tatu ambayo mimi sijawahi kuikanyaga.

Sehemu ya kwanza ilikuwa dola 780 kwa wiki 6, siku nne kwa wiki, saa mbili kila siku. Ukiingia inavutia kwakweli, jimu kubwa, safi, kiyoyozi kinapuliza, nyasi bandia ndani na uwanja mwingine nje, ukutani picha za vijana waliofika ligi kubwa. Mapokezi hawana shida. Nilitoa kadi yangu kwa moyo mweupe kabisa.

Karatasi za kujaza zilikuwa mbili. Jina, namba ya kadi ya benki, saizi ya fulana, alafu saini kwamba lolote likitokea hatuwashtaki. Hakuna swali hata moja kama kijana ana pumu, kama anabeba kinasaba cha sikoseli, anatumia dawa gani, na wala hawakuuliza mara ya mwisho kafanya mazoezi lini. Hilo la mwisho ndo lililotuumiza, kwasababu mwanangu Baraka alikuwa ametoka Mwanza kumwona bibi yake, wiki tatu na nusu, amekula sato na ugali, amelala, amepiga stori na binamu zake, mazoezi hakugusa kabisa na wala sikumlaumu, mtoto alikuwa amechoka na mwaka wake wa kwanza chuoni. Karudi Jumamosi usiku, Jumatatu asubuhi tukawa pale.

Siku ya kwanza wakaanza na skwati zenye chuma begani, seti juu ya seti mpaka miguu inagoma, kutoka hapo wakatembea uwanja mzima wakipiga goti kila hatua huku wameshika vyuma mikononi, kisha nje kwenye jua kusukuma kile kigari cha chuma kisicho na tairi, kisha sprinti, na mmoja akichelewa kufika mstari wote wanarudia. Maji mpaka umalize raundi. Joto lilikuwa nyuzi 35 na unyevu wa Houston mnaujua, ukisimama tu shati linalowa. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha gari naangalia. Kijana mmoja akatapika kwenye ndoo, wenzake wakampigia makofi, kocha naye anapiga makofi, na mimi pale nilidhani ndo kawaida yao nikanyamaza. Kunyamaza kule bado kunaniuma.

Jumanne Baraka alishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, kashika chuma kwa mikono miwili. Akawaambia makocha miguu haikunji. Akajibiwa itafunguka ikipata moto. Wakarudia mazoezi yaleyale.

Jumatano alfajiri nikasikia anaita kutoka bafuni, "Mama, njoo uone." Hajaniita hivo toka akiwa mdogo. Nikaingia, mkojo chooni una rangi ya chai ya rangi iliyoachwa ichemke mpaka majani yamekuwa meusi. Mapaja yamevimba yamekaza kama ubao, ukibonyeza anauma meno. Suruali ya jinzi aliyoivaa Jumamosi kwenye ndege haikupita magotini. Sikusubiri kupambazuka, nikamvalisha bukta ya baba yake tukaenda emajensi.

Daktari alituambia ni rabdomiolisisi, wenyewe wanaita rabdo. Yaani misuli imefanyishwa kazi kupita uwezo wake mpaka seli zake zimepasuka, vilivyokuwa ndani vimemwagika kwenye damu, na ile protini inayoitwa mioglobini ndo inayopaka mkojo rangi ile, ikifika kwenye figo kwa wingi inaweza kuzifelisha. Wanapima kitu kinaitwa CK kwenye damu, mtu wa kawaida ana mia na kitu, mia mbili, mwanangu alikuwa na elfu 61. Akawekewa dripu mchana na usiku, siku nne, wanapima mkojo kila saa. Namshukuru Mungu figo zilipona. Kile kituo nikawaandikia barua pepe mbili kuwaeleza na kuomba hela ya wiki zilizobaki, wakanijibu mkataba hauruhusu kurudisha. Kuhusu mtoto hawakuuliza neno, hata anaendeleaje.

Nikiwa pale kitandani kwake nikaanza kusoma, na nilichokiona kilinishtua kwasababu si jambo geni hata kidogo. Januari 2011 wachezaji 13 wa Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitali kwa rabdo hiihii. Walikuwa wametoka mapumziko ya wiki kama tatu baada ya msimu, wakarudi, wakapewa skwati 100 kwa nusu ya uzito wao wa juu kabisa, na wanapimwa kwa saa nani anamaliza haraka. Januari 2017 ikawa Oregon, watatu walilazwa baada ya mazoezi ya benchi jipya la ufundi, kocha wa mazoezi ya nguvu akasimamishwa mwezi mmoja bila mshahara. Angalieni mwezi. Januari na Januari, wametoka likizo. Wale ni vijana wa daraja la juu kabisa la vyuo, wanakula vizuri, wana madaktari wao, na bado. Mwili uliokuwa unabeba mzigo ule mwezi wa kumi na moja, ukiulaza wiki tatu haubebi tena siku ya kwanza, na kijana mwenyewe hatasema kwasababu anagombea namba.

Na kuna mwongozo kabisa, makocha wa nguvu wa vyuo wenyewe waliutoa 2019 kupitia vyama vyao. Kijana akitoka kwenye mapumziko wiki ya kwanza unapunguza kazi kwa angalau nusu, ya pili kwa asilimia 30, ya tatu 20, ya nne 10. Basi. Haihitaji mashine wala hela. Inahitaji kocha aulize "umetoka wapi" na akubali siku ya kwanza isiwe ya kumwonyesha mzazi kwamba pesa yake inafanya kazi.

Sasa kuna la sikoseli, na hapa nawaomba tuliotoka nyumbani msome taratibu. Watoto wanaozaliwa Marekani wanapimwa wakiwa wachanga. Wetu waliokuja na ndege wakiwa na miaka saba kama Baraka, nani kawapima? Sisi watu wa kanda ya ziwa, kwenye malaria, wabebaji ni wengi. Vyuo vya daraja la kwanza vinatakiwa kuhakikisha mchezaji amepima toka 2010, na wa kwangu alipimwa alipoingia, barua ikaja nyumbani kwamba anabeba kinasaba kimoja. Nikaiweka droo. Hajawahi kuumwa maisha yake, nikajua haina maana. Daktari wa emajensi aliponiuliza kama anabeba ndo nikakumbuka ile barua, na miguu ikaniisha nguvu.

Kubeba si ugonjwa, na anaweza kucheza, wapo wengi wanacheza. Ila mwili ukisukumwa mfululizo bila kupumzika chembe za damu zinaweza kujikunja ndani ya misuli na damu ikashindwa kupita. Ted Agu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa na miaka 21, anataka kuwa daktari. Februari 7, 2014 alianguka kwenye mazoezi ya kukimbia kilima huku wameshika kamba pamoja na wenzake, akafariki asubuhi ileile. Alikuwa mbebaji, na chuo kilikuwa kinajua. Kabla yake Ereck Plancher wa Central Florida, Machi 2008, naye mbebaji, naye mazoezi ya nje ya msimu. Mhudumu mmoja wa afya wa uwanjani alinifundisha kitu ambacho kila mzazi akijue: mtu aliyebanwa na msuli wa kawaida anapiga kelele na msuli umejikunja kama jiwe, lakini mbebaji wa sikoseli akizidiwa miguu inaishiwa nguvu tu, anakaa chini, anaongea na wewe, ukigusa msuli ni laini, na wasiojua wanadhani anategea wanamwambia asimame. Huyo hasimamishwi. Huyo ni oksijeni na ambulensi.

Mhudumu huyo nilimpata sehemu ya pili, mwaka uliofuata mwezi wa tano, daktari alipomruhusu kurudi. Dola 540 kwa wiki 5. Kwa macho hapalingani na kule, ni uwanja wa nyasi na banda la bati lenye vyuma vya zamani, choo kimoja kwa vijana 20, simu wanapokea wanapojisikia, na mazoezi yanaanza saa 12 asubuhi kwahiyo unaamka usiku. Kocha ni mzee mstaafu wa sekondari. Lakini kabla ya kupokea hela alimkalisha Baraka kwenye benchi dakika kama 20 anamuuliza: umelala saa ngapi, ulishawahi kuzimia, kuna mtu kwenu alifariki ghafla akiwa kijana, umebeba chuma mara ya mwisho lini. Akaomba ile barua ya sikoseli. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, sasa hivi naitembeza.

Pembeni ya uwanja kuna hodhi la plastiki la kunyweshea ng'ombe, limejaa maji, na maboksi mawili ya barafu yamekaa pembeni yanasubiri. Nikauliza ya nini, mtu hajaanguka. Yule mhudumu akaniambia ndo maana, mama, mtu akianguka huna muda wa kwenda kununua barafu. Akanieleza habari ya Jordan McNair, miaka 19, Chuo Kikuu cha Maryland, Mei 29, 2018, sprinti 10 za yadi 110. Alizidiwa na joto uwanjani, zaidi ya saa nzima ikapita kabla ya kupigiwa ambulensi, hakutumbukizwa kwenye maji ya barafu, amefika hospitali joto la mwili nyuzi 41. Siku 15 baadaye akafariki. Rais wa chuo alisimama hadharani akakubali kwamba chuo kinabeba lawama, na 2021 familia ikakubaliwa fidia ya dola milioni 3.5. Kiharusi cha joto kinatibika, alisema yule mhudumu, ukimpoza ndani ya nusu saa, unampoza kwanza palepale ndo unampeleka hospitali. Nimeona wanalijaribu lile hodhi kila Jumatatu, kijana mmoja anajitolea kuigiza kaanguka, wenzake wanne wanambeba na kumtumbukiza huku mhudumu kashika saa.

Wana pia kipimo kinasimama juu ya miguu mitatu kinachochanganya joto, unyevu na jua, kikifika alama fulani wanakata mazoezi hata kama mmelipia. Kuna mzazi alilalamika mbele yangu kwamba dola zake zinapotea. Mzee akamwambia arudi kesho. Vijana wengine wanaona taratibu, mmoja aliondoka wiki ya pili akaenda kwingine. Maji ni wakati wowote, na anayesema anaumwa anakaa kivulini na hakuna mwenzake anayekimbizwa kwa ajili yake.

Matokeo mnataka kujua. Baraka alirudi chuoni mwezi wa nane akapita vipimo vyote vya kocha wake, skwati yake imepanda kilo 12 kuliko kabla ya kuumwa, na hakukosa hata siku moja ya mazoezi ya timu. Siku ya kwanza pale kadi yake iliandikwa NUSU kwa kalamu nene nyekundu, ameibandika kwenye kioo chumbani kwake.

Mwezi wa kwanza wanafungua tena kwa vijana wanaotoka likizo ya krismasi. Ukienda beba maji yako mwenyewe, ya pale yanaisha haraka, na fika mapema maana pa kupaki ni pachache.