Simsim ametolewa kizazi: kliniki iliyoniambia nije na dania

Sungura wangu anaitwa Simsim, ana miezi minane na kilo 1.6. Mama yangu aliposikia kwamba nalipia upasuaji wa sungura, alinyamaza kwenye simu, kisha akaniuliza, "Na huyo akichinjwa anatoa kilo ngapi?" Simlaumu. Kwetu Murang'a sungura ni wa sufuria, na mkojo wake ni wa kunyunyizia mboga. Lakini huyu wangu analala chini ya kochi Donholm na akisikia friji ikifunguliwa anakuja mbio.

Mwezi wa tano alianza kujing'oa manyoya ya kifuani na kubeba nyasi mdomoni, anajenga kiota nyuma ya televisheni. Dume hajawahi kumwona. Kumbe ni mimba ya uongo. Baada ya hapo ikawa kunguruma na kunirukia mkono kila nikimwekea chakula. Tena sungura jike asiyetolewa kizazi, akishafika miaka 3 au 4, yuko kwenye hatari kubwa ya saratani ya kizazi. Kuna tafiti zilizoikuta kwa zaidi ya nusu ya majike waliochunguzwa. Kwa hiyo upasuaji wenyewe sikuubishia. Nilichoogopa ni nusukaputi.

Na nilikuwa na sababu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2008 ulikuta kwamba sungura waliokufa kwa mambo ya dawa ya usingizi walikuwa asilimia 1.39, wakati mbwa ni 0.17 na paka 0.24. Kwa sungura wenye afya nzuri ilishuka hadi 0.73, sawa na mmoja kati ya 137. Niliisoma hiyo saa saba usiku, na dawa ya usingizi ikaninyima usingizi kabla hata haijadungwa mtu.

Kilichonituliza kidogo kilikuwa humo humo ndani ya utafiti. Wengi wa sungura hao hawakufia mezani. Walikufa baadaye, hasa saa chache za mwanzo baada ya upasuaji. Mimi sijui lolote kuhusu dozi. Lakini kuuliza nani atakaa naye akizinduka, atapashwa joto na nini, atapewa chakula saa ngapi, hayo hata mimi naweza.

Nikaanza kupiga simu. Kliniki ya kwanza, dada wa mapokezi alinijibu vizuri sana mpaka aliposema, "Kuanzia saa mbili usiku asile kitu." Nikamshukuru nikakata. Mbwa na paka hufungishwa ili wasitapike wakiwa wamelala. Sungura hatapiki, maumbile yake hayamruhusu, na utumbo wake ukikaa bila kazi unasimama. Ukisimama, huyo hata kidonda kiwe kizuri namna gani, unaweza kumpoteza.

Ya pili, upande wa Kilimani, daktari mwenyewe alichukua simu. "Mlete na chakula chake, kile anachokipenda kabisa." Kwa Simsim hicho ni dania. Kisha akanihoji kabla sijamhoji: anapiga chafya? Manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yameganda? Sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa mikono, na mapafu mabovu na dawa ya usingizi havipatani. Nilimgeuza Simsim hapo hapo nikamkagua. Makavu.

Sasa malalamiko, kwa sababu yapo. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, tukaingizwa ndani saa tatu na nusu. Muda wote huo tulikaa karibu na mbwa mkubwa anayebweka, na hii ilikuwa Julai, baridi ya kukausha masikio. Nilimfunika kikapu kwa leso yangu, nikahisi mbavu zake zikipiga kama cherehani. Daktari yule yule anajua kwamba sungura mwenye hofu analala vibaya na anaamka vibaya. Basi wamtafutie hata kastoo.

Mezani daktari huyo huyo akawa kama mtu mwingine kabisa. Alimpima upya, hakukubali kilo nilizomtajia. Akamsikiliza moyo kwa muda mrefu. Akanieleza: kwanza sindano ya kumtuliza na kuzuia maumivu, kisha oksijeni na gesi, mafuta ya macho yasikauke, na mkeka wa umeme chini yake. Nikamuuliza, stima zikipotea? Akafungua kabati akanionyesha chupa za kutia maji moto, kila moja imevishwa soksi ya mtoto. "Jenereta ipo," akasema, "lakini soksi hazijawahi kugoma."

Aliahidi kunipigia saa sita. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita, mimi niko kibandani nje na chai iliyopoa. Saa saba na dakika ishirini simu ikaita: "Ameamka. Ametafuna dania." Hakunipa pole wala samahani ya kuchelewa, na wakati huo sikuikumbuka.

Nyumbani tulipewa dawa ya maumivu ya siku nne na sirinji ya kumlisha akigoma. Aligoma. Nilisaga pelleti zake na maji, nikampa mdomoni kwa pembeni, kidogo kidogo, nusu yake ikaishia kwenye sweta langu. Alikuwa akisaga meno kwa nguvu, na hiyo kwa sungura ni kilio cha maumivu. Nikampigia daktari saa tatu usiku, akapokea, akanirekebishia dozi. Saa tano kasorobo nikaona kwenye taulo vidonge vitatu vya kinyesi, vidogo kama pilipili manga. Nikampigia picha mama. Hakujibu mpaka asubuhi: "Sasa hiyo ni nini?"

Bili niliambiwa 8,500, nikalipa 10,200 kwa M-Pesa, kwa sababu dawa za nyumbani hazikuwa zimehesabiwa. Ulizeni mapema. Nitarudi hapo hapo kumpeleka dume tunayemtafutia Simsim, ila nitasubiri nje chini ya mti na kikapu mapajani mpaka jina liitwe.