Ofisi ya wanyonya damu au ofisi ya virusi?

Filamu ya Bloodsucking Bastards (2015) ina wazo tamu: Pedro Pascal anakuja kama bosi mpya wa mauzo, wafanyakazi wavivu wanageuka wanyonya damu, na ghafla kazi inakwenda! Ila utani unajikokota, na damu yenyewe inachelewa mno. Nilicheka mara mbili tatu, basi.

Filamu ya Mayhem (2017) haipoi. Virusi vinavyomwondolea mtu haya vinaingia jengoni, milango inafungwa kwa muda wa saa nane, kila aliyeambukizwa ana jicho moja jekundu. Steven Yeun, wakili aliyetoka kufukuzwa, anapanda ghorofa kwa ghorofa kuwasaka mabosi. Sheria haitamgusa kwa kuwa ameambukizwa, mwanya huo aliugundua mwenyewe. Pembeni yuko Samara Weaving, aliyekuja kulilia nyumba yake.

Umegombana na bosi? Weka Mayhem. Ile nyingine iwake huku unapiga pasi.