Gore TAG yenye Active Control: stenti ya kutibu aota iliyochanika

Hii ni stenti, yaani bomba la kutegemeza mshipa kwa ndani, iliyovikwa kitambaa cha ePTFE (aina ya plastiki) juu ya fremu ya nitinoli (aloi ya nikeli na titani). Hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) ya kifuani na kuziba mlango wa mpasuko, yaani pale damu inapopenya ndani ya ukuta uliochanika, damu irudi kwenye njia yake halali. Ni ya mpasuko wa aina B, ulioanzia mbali zaidi na moyo. Ule wa aina A, ulioanzia karibu na moyo, bado ni kazi ya kisu.

Sifa yake kubwa ni kufunguka kwa hatua mbili. Kwanza hutanuka nusu tu, damu ikiendelea kupita, na daktari bado anaweza kuisogeza. Pia ncha ya mbele hupindwa ifuate kona ya aota. Bila hivyo, upande wa ndani wa kona hubaki umeinuka mfano wa mdomo wa ndege, na damu huvuja chini yake.

Kosa baya ni vipimo. Inahitaji takriban sentimita 2 za ukuta wenye afya mbele ya mpasuko. Ukizidisha kipenyo, au ukaipuliza kwa puto (jaribu kujizuia!), ukuta mwembamba huchanika kurudi nyuma kuelekea moyoni. Ukifunika sehemu ndefu, uti wa mgongo hukosa damu na miguu inaweza kupooza.

Dawa za presha haziachwi. Picha za CT (skani ya eksirei) hurudiwa baada ya mwezi 1, 6 na 12, kisha kila mwaka.